Nani Anamsikiliza Mtoto?

Chuoni kwetu, katika mji mdogo wa pwani ya Tanga, tulisoma watoto ishirini na kitu kwenye baraza moja, na kila mmoja alikuwa mahali pake. Huyu yuko kwenye alifu na be, yule anaunganisha herufi na irabu, mwingine yuko katikati ya Juzuu Amma, na mkubwa wetu alikuwa karibu kuhitimu. Sote tulisoma kwa sauti, wakati mmoja, kiasi kwamba mpita njia alisikia makelele tu. Mwalimu alikaa kwenye mkeka, mgongo ameuegemeza nguzoni, anashona kofia ya viua, macho yako kwenye sindano. Siku moja kijiti changu cha chelewa kilikuwa kinafuata mstari, nami nikaivuta sauti mahali pasipovutwa. Hakuinua macho. "Rudia," alisema, na katika zile sauti ishirini nilijua ni mimi. Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena. Alipoguna, nikaendelea.

Sisi tulikuta vijuzuu vya kuchapwa. Waliotutangulia waliandikiwa kwenye ubao wa mbao kwa wino wa masizi, na ubao haukuoshwa mpaka mwalimu amemsikiliza mtoto akaridhika kwamba maneno yamekaa kifuani. Siku hizi neno teknolojia likitajwa shuleni, watu hufikiria kitu chenye skrini. Ule ubao nao ulikuwa teknolojia, tena yenye nadharia yake ya kujifunza: nafasi ni ndogo, kwa hiyo unapewa kidogo, na huongezewi mpaka ulichopewa kisikilizwe.

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 26, na semina nilizokaa zimekuwa nyingi. Asubuhi tulifundishwa nadharia, yaani Skinner, Piaget na Vygotsky. Mchana tukafundishwa TEHAMA, namna ya kuwasha projekta na kuandaa andalio la somo kwenye kompyuta. Hakuna aliyetuonyesha kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Kila chombo kinachoingia darasani kina mtu aliyekibuni, na mtu huyo alikuwa na imani fulani kuhusu mtoto. Mimi nimejizoeza kukiuliza kila chombo swali moja: mtoto akijibu, nani anamsikiliza, na anasikiliza nini hasa?

Tuanze na Skinner, kwa sababu amelaumiwa sana na kusomwa kidogo. Novemba 1953, B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikwenda kulitembelea darasa la binti yake pamoja na wazazi wengine. Lilikuwa somo la hesabu. Akawaona watoto wameinamia maswali. Wengine wamemaliza zamani wanahangaika vitini, wengine wamekwama, na mwalimu anapitapita katikati ya madawati. Madaftari yangekusanywa, yangesahihishwa na kurudishwa baadaye. Skinner aliona makosa mawili. Mtoto hajui papo hapo kama amepata au amekosa. Na wote wanalazimishwa kwenda mwendo mmoja. Katika siku zile zile akaanza kutengeneza kisanduku. Swali linajitokeza kwenye kidirisha, mtoto anajibu, anajua hapo hapo, kisha anakwenda kwenye swali linalofuata kwa mwendo wake mwenyewe. Mwaka 1954 aliandika makala ya kuitetea fikra hiyo, na mwaka 1958 akaieleza mashine ya kufundishia katika jarida la Science. Hakuwa wa kwanza, maana Sidney Pressey wa Ohio alikuwa na mashine yake tangu miaka ya 1920. Lakini ni Skinner aliyeipa mashine nadharia: tabia hujengwa hatua kwa hatua, na kila hatua iliyo sahihi itiwe nguvu mara moja.

Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Makosa mawili aliyoyaona Skinner katika darasa la Marekani, chuoni kwetu hayakuwapo. Pale barazani kila mtoto alikwenda mwendo wake, na kosa lilikamatwa kabla halijapoa. Kilichoitwa ugunduzi wa maabara kilikuwa kikifanyika kwenye mkeka, na mashine yake ilikuwa sikio la mzee mmoja.

Hata hivyo nisikipambe chuo kuliko kilivyokuwa. Mwalimu alisikiliza sauti yetu, hakusikiliza maswali yetu. Nilihifadhi sura nyingi bila kujua zinasema nini, na aliyeuliza maana aliambiwa asubiri ukubwa wake, na wengi wetu tuliacha kusoma kabla ya ukubwa huo kufika. Bakora nayo ilikuwepo. Wale waliobahatika kuendelea na darsa za watu wazima, ambako mtu huuliza na kujibiwa, walilipata lile tulilolikosa. Kwa hiyo baraza lile lilitimiza alichokitaka Skinner, na lilipungukiwa na kile kile ambacho mashine yake ilipungukiwa nacho. Vyote viwili vilijua kama jibu ni sahihi. Hakuna kati yavyo kilichotaka kujua mtoto amelipataje.

Anayetaka kujua hilo ni Piaget. Kabla hajawa mtu wa kutajwa kwenye semina, Jean Piaget alikuwa kijana wa Uswisi aliyefanya kazi Paris, karibu na mwaka 1920, akiwapa watoto maswali ya majaribio ya akili ili alama zao zipangwe. Kazi aliyopewa ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Yeye akavutwa na yale yaliyokosewa. Aliona watoto wa umri mmoja wanakosea kwa namna inayofanana, akaanza kukaa nao na kuwauliza wamefikirije. Utafiti wake wa miaka sitini ulitoka katika kusikiliza kwa aina hiyo. Walimu tunaifupisha kazi yake kuwa hatua nne za makuzi, tunazikariri kwa ajili ya mtihani wa chuo cha ualimu, na katika kuzikariri tunalipoteza lile ambalo lingetufaa zaidi: kosa la mtoto lina akili ndani yake.

Aliyelichukua wazo hilo akalipa chombo alizaliwa Afrika. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, mwaka 1928, alifanya kazi na Piaget mjini Geneva kisha akahamia Marekani, na mwaka 1967 yeye na wenzake, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, wakatoa lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo. Humo mna kobe. Mtoto humwambia aende mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, na nyuma yake unabaki mstari. Mraba hupatikana upesi. Mwambie sasa mtoto achore pembetatu yenye pande sawa. Atakumbuka darasani kwamba kila pembe ina nyuzi 60, atamwambia kobe ageuke 60, na kobe atapotea, aanze kuzunguka kama anayechora tundu la nyuki. Mashine haijasema "umekosa". Imefanya alivyosema. Mtoto analazimika kusimama, aigize kwa miguu yake mwenyewe, ndipo agundue kwamba kobe hageuki kwa pembe iliyo ndani bali kwa ile iliyo nje, nyuzi 120. Niliwahi kulifanya zoezi hili na watoto wa darasa la sita uwanjani, bila kompyuta yoyote, kwa chokaa na mtoto mmoja aliyefungwa kitambaa machoni akaitwa kobe. Walibishana kipindi kizima. Hoja ya Papert, aliyoieleza katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980, ni kwamba mtoto ndiye aiamrishe kompyuta, isiwe kompyuta inamwamrisha mtoto. Ni Skinner aliyegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Na hapa ndipo penye uchungu. Fikra hii nzuri ilipofungwa kwenye sanduku ikasafirishwa, ilifika nyepesi. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na Papert alikuwa miongoni mwa waliouasisi. Rwanda iliupokea kwa nguvu, ikagawa mashine zaidi ya laki mbili. Peru iligawa nyingi kuliko nchi yoyote, zaidi ya laki nane, na wachunguzi wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walizifuatilia shule 319 za vijijini. Ripoti yao ya mwaka 2012 haikuona tofauti katika hesabu wala lugha kati ya watoto waliopewa na wasiopewa, ingawa katika baadhi ya majaribio ya uwezo wa kufikiri palikuwa na nyongeza kidogo. Wakosoaji walisema fedha zimepotea. Mimi naona kilichopotea ni watu wa kusikiliza. Katika shule ya Boston ambako Papert alijaribu fikra zake miaka ya 1980, watoto walikuwa na watu wazima waliokaa nao, wakauliza "ulitaka kobe afanye nini?" Watu hao hawakutiwa ndani ya sanduku.

Lugha yetu ililijua jambo hili kabla ya vitabu. Somo ni kile unachofundishwa. Lakini somo pia ni mtu: mwanamke anayemfunda mwari, anayemchukua msichana mkononi na kubaki naye maishani, anayeambiwa mambo ambayo mama hayasikii. Neno moja limebeba mafundisho na mfundaji. Sidhani kama waliolitumia hivyo waliona haja ya kuvitenganisha.

Kazi kubwa kuliko zote za teknolojia ya elimu zilizowahi kufanyika kwa Kiswahili ilitumia chombo kisichoweza kabisa kusikiliza, nacho ni redio. Mwaka 1967 Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea, na 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, wiki 12, na watu wazima wapatao milioni mbili wakajiunga na vikundi vya kusoma nchi nzima. Wazee wetu waliiona kwa macho. Kikundi kilikaa chini ya mti au kwenye jengo la shule, redio katikati. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa. Mtu anayejua kusoma alifungua kijitabu akawasomea wenzake sehemu ya wiki ile, kuhusu malaria, kichocho au kuhara. Kisha kiongozi aliuliza: je, haya yapo hapa kwetu? Yapo wapi? Tufanyeje? Na mkutano haukuvunjika bila kupangana kazi ya kufyeka majani, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo.

Utaratibu huo una asili yake mbali. Wakulima wa Kanada walikuwa na mabaraza ya redio tangu 1941, kwa wito wa kusoma, kusikiliza, kujadili na kutenda. Mwaka 1956 ukajaribiwa Pune, India, kwa msaada wa UNESCO. Lakini ulipofika Tanzania uliingia katika nchi ambayo tayari ilijua kukaa barazani. Katika miaka hiyo hiyo Paulo Freire, Mbrazili aliyefukuzwa na wanajeshi kwao kwa sababu ya kuwafundisha wakulima kusoma, alikuwa amekipinga kile alichokiita elimu ya benki: mwalimu anaweka, mwanafunzi anatunza. Redio, kwa umbile lake, ni chombo cha benki kupita vyote. Inaweka tu, haipokei. Waliobuni Mtu ni Afya waliuona udhaifu huo na hawakujaribu kuiongezea redio nguvu. Walipanga muda wa redio kuwa mfupi na muda wa watu kuwa mrefu. Hiyo ilikuwa swichi ya kuzima iliyotumiwa kwa hekima, na mpaka leo sijaona mradi wa skrini uliopangwa kwa uangalifu kama ule.

Kuna njia nyingine waliyopita watu wa redio, nayo nitaitaja kwa ufupi. Nicaragua, kuanzia 1974, watafiti kutoka Stanford walifundisha hesabu kwa vipindi vyenye ukimya uliopimwa: sauti inauliza, inanyamaza sekunde chache, darasa zima linajibu kwa nguvu, kisha sauti inatoa jibu. Ni kisanduku cha Skinner kilichotiwa nyimbo na kupigiwa makofi. Zanzibar ilikuja kuwa na vipindi vya namna hiyo kwa watoto wadogo, Tucheze Tujifunze, katika nusu ya pili ya muongo wa 2000. Ule ukimya ni heshima kubwa kwa mtoto, maana unampa nafasi. Lakini sauti itaendelea hata kama darasa zima limekosea.

Nije sasa nyumbani, kwenye jaribio ambalo nimelifikiria kuliko mengine yote. Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Lilikuwa shindano la tuzo ya XPRIZE, likisimamiwa pamoja na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali. Kulikuwa na vituo vya kuchajia kwa sola, na watu wazima wa kijiji waliovitunza, lakini hapakuwa na mwalimu. Asilimia 74 ya watoto hao ilielezwa kwamba hawakuwahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ya wasioweza neno hata moja ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana tuzo ya dola milioni 10.

Mwenye kukidharau kipimo hicho hajawahi kukaa na mtoto wa miaka tisa asiyejua kuandika jina lake. Na mimi mwenyewe najua deni langu. Nimewahi kuwa na watoto 110 katika chumba kimoja. Madaftari ya hesabu ya Jumatatu nilimaliza kuyasahihisha Alhamisi usiku, kwa taa ya chemli, na yule aliyekosea Jumatatu alikuwa amelizoea kosa lake kwa siku tatu nzima. Kishikwambi kingemwambia pale pale. Katika darasa la namna ile, Skinner ana haki kuliko mimi, na sitamfundisha mzazi wa mtoto yule falsafa ya Freire.

Lakini nusu nyingine je? Miezi 15, chombo mkononi, mafunzo ya lugha yao wenyewe, na bado watoto wengi sana hawakulisoma neno moja. Hapa namkumbuka Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu. Yeye alisema tusipime kile tu mtoto anachoweza peke yake. Tupime na kile anachoweza akishikwa mkono na anayejua zaidi. Kati ya mipaka hiyo miwili ndimo kujifunza kunamotokea. Programu nzuri inaweza kumshika mkono mtoto aliyeanza kutembea. Kumwona yule ambaye hajasimama, na kujua kwa nini hajasimama, ama ni macho, ama njaa, ama hajaelewa kwamba zile alama ni sauti, kunahitaji mtu.

Kwa hiyo nasikitika ninapoona mijadala yetu yote inahusu idadi. Kenya iliahidi kompyuta mwaka 2013, ikaanza kuzigawa 2016, zikapita milioni moja. Kwetu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vikagawiwa walimu. Tunahesabu vilivyofika. Tunauliza umeme upo au haupo, bando nani ananunua. Ni maswali ya haki. Lakini sijaona fomu ya ukaguzi inayouliza: kifaa kilipozimwa, watoto walizungumza dakika ngapi?

Mwaka jana nilikaa nyuma ya darasa la pili la mwalimu mmoja kijana niliyemlea kikazi. Kishikwambi kimoja, chake, chenye programu ya hesabu isiyohitaji intaneti. Watoto walikwenda mezani kwa zamu, sita sita. Swali lilikuwa 14 kutoa 6. Msichana mmoja alibonyeza 12, kikatoa mlio wa kukosa. Akabonyeza 12 tena. Mwalimu wake akaweka kiganja juu ya kioo.

"Umeipataje kumi na mbili, mwanangu?"

Kimya. Wenzake wakaanza kunong'ona jibu, akawazuia kwa mkono.

"Nne haiwezi kutoa sita," mtoto alisema polepole. "Nikatoa nne kwenye sita, ikabaki mbili. Na ile moja ikabaki pale pale."

"Nimekusikia," mwalimu alisema. Hakusema amekosea. Akafungua droo, akatoa kifungu cha vijiti kumi kilichofungwa kwa raba na vijiti vingine vinne vilivyo huru, akaviweka mbele yake. "Hizi ndizo kumi na nne zako. Nipe mimi sita."

Mtoto akampa vile vinne. Akatazama kiganja cha mwalimu, ambacho bado kilikuwa wazi. Akakitazama kile kifungu kwa muda mrefu, muda ambao mashine yoyote ingekuwa imeshauliza swali jingine, kisha akaanza kuivua raba.